Maoni ya Sahani Ambazo Sikuzisikiliza

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi ipokee hivyo hivyo, maana nimechoka hata kuhesabu miaka. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na hapa nakuandikia juu ya meza ya kukatia huku rundo la kola likinisubiri, kwa hiyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Nina kaka mmoja tu, ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa na miaka tisa, alikuwa akinisuka vibaya na kunipeleka shule na nywele hizo hizo, na kazi yake ilikuwa kupiga santuri kwenye ukumbi wa hoteli, roki na pop za zamani, zile za magitaa na wanaume wenye nywele ndefu. Enzi hizo akipata sahani mpya ya santuri alikuwa ananiwekea mimi kwanza, nakaa chini kwenye mkeka nasikiliza, halafu ananiuliza, "Unasemaje, mdogo wangu?" nami namjibu lolote linalonijia, kwamba hii inapiga kelele kama sufuria zinazoanguka, kwamba hii inanitia usingizi, naye anacheka, na niliyoikataa mimi haikufika ukumbini.

Mwaka juzi aliugua homa kali, akapona, lakini masikio hayakurudi. Hasikii kitu. Kuongea anaongea, sisi ndio tunamwandikia kwenye ubao mdogo. Alikaa miezi anayatazama masanduku yake ya santuri, kisha siku moja akaniita akasema kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia, "Mdogo wangu, nataka albamu zangu zisikilizwe tena zote, moja kila wiki. Jumamosi uniletee maoni yako. Sitaki historia yake, hiyo naijua. Nataka wewe umeionaje." Ziko themanini na nne. Akanipa masanduku yote na mashine ya kupigia nikaviweka karakana kwangu, yeye akabaki na orodha tu, akanipa na daftari la kuandikia.

Tatu za kwanza nilizisikiliza na kuandika mistari miwili mitatu ya adabu. Ya nne, mshauri, ilinikuta vibaya, nilikuwa nimeshinda na mama mmoja aliyerudisha gauni moja mara tatu, kichwa kinanigonga, na sahani yenyewe ni mwanaume mmoja anayepiga mayowe na gitaa lisilopumua, basi nikaandika nilivyoona: "Huyu mwimbaji analalamika kama mteja aliyebanwa makwapani. Nimezima wimbo wa tatu. Gauni hili halirekebishiki." Kaka akasoma mbele yangu, akafunika uso kwa daftari, mabega yakamtikisika, akatoka uani. Aliponirudishia daftari nikakuta ule ukurasa umekunjwa pembe. Nikajua nimemliza. Mtu hana masikio, mimi namtukania muziki wake! Na hakusahau, kwa sababu mpaka leo mgeni akija, hata akiwa fundi bomba, kaka anafungua palepale penye pembe iliyokunjwa anampa asome, mgeni akimaliza ananitazama mimi, nami nakimbilia jikoni kwa aibu.

Tangu siku hiyo nikaapa kusifu tu. Lakini kusifu kitu kinachokuchosha ni kazi nzito kuliko kushona zipu kwenye ngozi, na mimi nikirudi kutoka kwenye cherehani masikio yangu yamejaa cherehani, kwa hiyo nikaacha kusikiliza kabisa. Nyuma ya kila jalada kuna maelezo marefu, nikawa nayafasiri kwa Kiingereza changu cha shule na kutia chumvi. "Albamu iliyokomaa." Mimi najua inavyokomaa papai, albamu sijui. Kaka anasoma, anatikisa kichwa polepole, anasema, "Haya, inayofuata," na kuniambia jalada gani. Kuanzia ya tano hadi ya thelathini na moja, wiki ishirini na saba, sahani hazijatoka ndani ya majalada yake.

Wiki iliyopita ile ya thelathini na moja, yenye picha ya farasi mweupe kwenye ngazi za ghorofa, ikanidondoka na sahani ikatoka. Nilikuwa nimeshaandika na kumpa asome kwamba magitaa yananguruma mwanzo mpaka mwisho. Nikaiokota, na karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati ilikuwa na jina jingine kabisa. Nikafungua nyingine nilizozisifia. Kumi zilikuwa na sahani zisizo zake. Nikamkimbilia wifi yangu, mke wa kaka, nikidhani kuna mtu kazichezea, akacheka. "Wifi, hujui? Alizibadilisha mwenyewe enzi za hoteli. Wenzake walikuwa wanaazima hawarudishi, basi zile anazozipenda sana akazificha ndani ya majalada ya zile asizozipenda. Ipi iko wapi anajua mpaka leo."

Mshauri, anajua. Amejua tangu ya sita, kwa sababu ya sita ni mojawapo, na hakusema.

Siku hiyo hiyo niliiweka ile iliyodondoka. Ni mwanamke na piano tu, gitaa hata moja hakuna. Nilizima cherehani nikakaa na kola mapajani mpaka pande zote mbili zikaisha. Kwenye wimbo wa tano anavuta pumzi kabla ya kuimba na unaisikia hiyo pumzi, kama mtu aliyeingia kukuambia jambo akabadili mawazo mlangoni. Nililia na sijui nililia nini. Na daftari linasema magitaa yananguruma.

Nimechoka, mshauri. Nimrudishie masanduku nimwambie sare zimenizidi? Ninyamaze kwa kuwa naye kanyamaza? Au niseme, nimvunje moyo, abaki hana hata haya masikio ya kuazima?

Fundi wa Kola

*

Fundi wa Kola,

Marahaba, maana nimekuzidi, na uchovu pia nimekuzidi. Mezani kwangu kuna barua kumi na nne za wake waliopekua simu za waume na zote ni barua moja. Yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira.

Pole kwanza. Kushinda kwenye cherehani, ukitoka hapo ukasikilize mayowe ya mtu usiyemjua, halafu uyaandikie insha, si mchezo. Wiki ya kwanza ungesema umechoka, hakuna ambaye angekulaumu. Hukusema. Ulichagua kumpaka kaka yako mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mafuta ya kunakili.

Sasa nikuulize. Alikuagiza nini? Umeniandikia mwenyewe: hataki historia, anataka wewe umeionaje. Wewe ukampelekea maneno ya nyuma ya jalada. Majalada hayo amekaa nayo tangu unasukwa vibaya. Ni sawa na mteja akuletee kitambaa umshonee, nawe umrudishie kitambaa kilekile umekikunja vizuri.

Na huo ukurasa wa pembe. Mama mzima, umewahi kuona wapi mtu aliyetukanwa akimpa fundi bomba asome tusi lake? Mimi sikuwepo na siwezi kuapa. Lakini mtu anayefunika uso, mabega yakatikisika, kisha akautunza ukurasa na kuwaonyesha wageni mmoja mmoja, kwetu sisi wengine tunasema alicheka. Aliyekuwa na kichwa kinachogonga siku hiyo ni wewe, ukaona kilio. Kaka yako alisoma yale makwapa akamkuta yule mtoto wa kwenye mkeka, wa sufuria zinazoanguka. Wiki iliyofuata mtoto akatoweka, akaja mtu anayesema albamu imekomaa.

Yeye naye nina neno lake. Kunyamaza wiki zote hizo ni ukaidi, na ukipenda mpe asome hapa: Bwana, ungesema. Ila nadhani naelewa. Akikukaripia utaacha, na ukiacha, nani mwingine atamsikilizia? Kwa hiyo akawa anameza maneno ya majalada kila Jumamosi na kukuambia haya, inayofuata, akisubiri urudi.

Umeniuliza kama ukisema utamwondolea masikio. Fundi, hayo masikio hana tangu ya tano. Huna cha kumwondolea hapo, una cha kumrudishia.

Masanduku usirudishe. Chukua daftari, si ubao, kwa sababu ubao utafutwa na wewe unahitaji jambo hili libaki limeandikwa. Andika sentensi moja: kuanzia ya tano sikusikiliza, nilinakili, nisamehe. Usijitetee kwa sare. Chini yake andika kuhusu yule mwanamke na piano, na ile pumzi ya wimbo wa tano uiandike kama ulivyoniandikia mimi, bila kuongeza chumvi hata punje. Aliificha ndani ya jalada la farasi kwa sababu aliipenda. Hawezi kuisikia tena, na nyumba nzima hakuna mwingine aliyeisikia hiyo pumzi isipokuwa wewe. Sasa unaelewa alikuwa anaomba nini.

Kisha mwambie umechoka. Hilo nalo ni maoni. Badala ya moja kila wiki iwe moja kila baada ya wiki mbili, na uanze upya na ya tano. Inapopigwa, cherehani izimwe. Ikikukera zima wimbo wa tatu, na uandike kwamba umezima. Roki si lazima uipende, wala hakuna aliyekuomba uipende. Ukiona mpiga ngoma anakimbia kama aliyesahau pasi kwenye umeme, andika hivyo hivyo.

Na Jumamosi mgeni akija, naye kaka yako akafungua pale penye pembe, usikimbilie jikoni. Kaa. Usimtazame mgeni, mtazame kaka yako, jinsi anavyomkodolea mgeni macho mstari kwa mstari, akimsubiri afike kwenye makwapa.