Nilimwambia Baba ni Sehemu ya Shamba

Shangazi Shamsia mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Khalayi ninayekaa naye dawati moja, nalo ni kwamba nimemdanganya baba, ingawa sikukusudia. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, tunakaa chumba kimoja cha kaunsil ya jiji huku Mbotela, mama alifariki, na baba, ambaye hajui kusoma, anafanya kazi karakana ya reli na mwakani atastaafu, kwa hiyo mwezi wa pili alitoa nusu ya akiba yake ya miaka kumi na minane akaipeleka kwa kampuni moja ya kununua mashamba, akarudi na karatasi ya Kiingereza akaniambia, "Mama, nisomee," nami nikasoma vizuri mpaka nilipofika neno "share", na kwa kuwa yeye husimulia kila mtu kwamba binti yake anakula vitabu, niliona haya kusema silijui, nikamwambia ni sehemu ya shamba, na kwamba ile nambari 214 iliyoandikwa juu ya karatasi ni ya ploti yetu.

Wiki iliyopita Mwalimu Simiyu aliandika neno lile lile ubaoni katika somo la biashara, na hapo nikaelewa kwamba baba hana ploti, ana hisa moja tu katika kampuni, na karatasi haisemi popote ardhi iko wapi wala atapewa lini. Sikula siku hiyo. Jumamosi hii anapeleka nusu iliyobaki. Jana Muhidin mwenye duka alimpigia kelele, "Lendilodi! Utatupangisha kwa bei gani?" na baba akacheka, "Wewe nitakutoza mara mbili, unanipunja sukari," kisha njiani akaniuliza nataka dirisha langu litazame upande gani. Nilisema mashariki. Shangazi, nikimwambia hataniamini tena, na nikinyamaza atamaliza pesa zote. Nifanye nini?

Mwenye Haya, Mbotela

Binti yangu,

Pole. Ulikosea neno moja, na watu wazima waliosoma kukushinda wamelikosea hilo hilo. Kwa hilo sikugombezi. Nakugombeza kwa dirisha. Mwezi wa pili ulikuwa hujui. Siku ya dirisha ulijua, na bado ukachagua mashariki. Unasema unaogopa kupoteza imani yake. Mimi naona unaogopa kuonekana mjinga.

Usingoje Jumamosi. Leo, akishamaliza kula, mwekee karatasi mezani, msomee upya, na ukifika neno lile useme, "Hapa nilikosea." Usilie kwanza, maana ukilia atakubembeleza na karatasi itasahaulika. Mwambie asitoe hata senti kabla kampuni haijamwonyesha hati ya shamba lenyewe, na nambari iliyo kwenye hati hiyo aende nayo ofisi ya ardhi aulize shamba ni la nani. Wakikataa kuionyesha, amekwisha kujibiwa. Alizotoa azidai kwa maandishi. Huenda asizipate, na hilo umwambie pia.

Kisha niandikie.

Shangazi,

Nilimsomea Alhamisi. Nilipofika neno lile alisema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Kwa hivyo 214 ni nini?" Nikamwambia ni nambari ya karatasi tu.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini akaenda kuuliza hati. Karani alimwambia, "Mzee, hisa haipimwi kwa futi," na kwamba pesa hazirudishwi. Jumamosi alikaa nyumbani. Muhidin akimwita lendilodi, baba huvuka upande wa pili wa barabara.

Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo hajaniletea karatasi yoyote nimsomee. Juzi nikifagia niliona daftari jipya chini ya kitanda chake, ndani ameandika a, e, i, o, u. Amejiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, na hakuniambia. Nilichukua gazeti la zamani nikalifunika daftari hilo, kama tunavyofunika madaftari ya shule, nikalirudisha pale pale.