Tone la Chai Katika Mafuta ya Ndege

Adeer,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu peke yake, ninakutangazia kifo cha thamosi yako nyekundu. Iliaga Jumanne saa nne asubuhi mbele ya mashahidi wawili, mimi na mbuzi wa jirani. Marehemu alitumikia uwanja wetu wa ndege hapa Garissa kwa miaka mingi kuliko meneja yeyote, na hakuwahi kuomba likizo. Ameacha kifuniko na vikombe viwili. Mazishi yalifanyika siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yenu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeoa nyingine, ya bluu, katika duka moja kule Galbet.

Najua utasema, "Mutua, maneno mingi, habari kidogo." Basi habari ndiyo hii. Ndege ya abiria niliyoijaza mafuta kwa mikono yangu ilipoteza nguvu ya injini moja mara tu baada ya kuruka, na ndani yake alikuwemo Mama Halima, mkeo. Usiinuke huko uliko. Yuko mzima. Wote wako wazima. Juzi tu amenigombeza kwa sababu nimekonda.

Sikuwahi kukuaga, wewe uliyenifundisha kazi nikakuita Adeer, yaani ami kwa Kisomali chenu. Nilikuwa likizo kwetu Mwingi, na nilipopata simu na kupanda basi, ulikuwa umeshazikwa. Nilifika nikakuta watu wanakunja mikeka. Kwa hiyo barua hii ni ya kukuaga, na pia ni ya jambo ambalo sina mtu mwingine wa kumwambia vizuri.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza kazini? Ulinipa chupa ya kioo ukaniambia nifungue bomba dogo chini ya tangi, nikinge, niangalie kama mafuta yana maji. Nikakinga chupa ikajaa, nikaiinua kwenye jua kama daktari, nikatangaza kwamba mafuta ni safi, hayana hata mstari. Hukubishana nami. Ulifungua thamosi, ukachovya kijiti kwenye chai ya rangi, ukadondosha tone moja ndani ya chupa. Chai ikatawanyika mpaka chupa nzima ikawa kahawia. Yalikuwa maji matupu, Adeer. Tangi lilikuwa limetoa jasho usiku kucha kwa ndani, na mimi nimekinga jasho na kuliita mafuta. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukayamwaga, ukakinga mengine, ukadondosha tena. Tone likashuka zima, mviringo, likatulia chini kama shanga. "Hayo ndiyo mafuta," ulisema. "Macho inaona maji na mafuta kitu moja. Chai haidanganyiki."

Tangu siku hiyo mpaka ukaondoka, hakuna ndege iliyokunywa kwetu kabla ya tone la chai. Hata tulipoletewa vile vidonge vya kupimia, vinavyobadilika rangi vikikutana na maji, ulivitumia kwa heshima kisha ukadondosha chai yako hata hivyo. Na Ramadhani ilipofika, maana mtu hatembei na thamosi katikati ya waliofunga, ulikuwa unatia chai ya futari katika kichupa cha dawa ya kikohozi na kukiweka mfuko wa shati. Nilikirithi kichupa hicho. Bado kina harufu ya dawa.

Sasa sikiliza. Tuna meneja mpya, Bwana Koech, kijana msafi, mwenye kishikwambi na viatu ambavyo havijui vumbi. Si mtu mbaya. Tuna pia ndege mpya, ya propela mbili, ambayo injini zake zinaamriwa na kompyuta. Rubani akisukuma wenzo ni kama anaandika barua ya maombi, na kompyuta ndiyo inayoamua kiasi. Ungeizunguka mara tatu na kuitukana mara moja.

Ilikuwa Ramadhani. Mama Halima alikuwa anakwenda Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, yale macho yote mawili aliyokuwa akikuficha kwamba hayaoni. Nilimshika mkono mpaka kwenye ngazi. Akaniuliza mafuta ameweka nani. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi, Bismillahi," akapanda.

Na asubuhi hiyo sikuwa nimedondosha chai. Vidonge vilikuwa vimekwisha, tukingoja vingine kutoka Nairobi. Nilikinga mafuta, nikayatazama kwa macho haya yanayohitaji miwani kusoma bei ya unga, nikaona yanang'aa, nikatia alama kwenye fomu kwamba yamepimwa.

Ulinifundisha kuisikiliza ndege mpaka ipotee. Ilipokuwa inauvuka mto Tana, mlio ukabadilika. Propela moja ilikuwa inaimba na nyingine imekaa kimya. Nilisimama pale na mpira wa mafuta mkononi. Rubani akaigeuza polepole, pana, kama mtu anayegeuza ng'ombe asiyetaka, akaiteremsha kwa injini ya kushoto peke yake. Gari la zimamoto lilifika, na safari hii lilikuwa na maji.

Mkeo alikuwa wa kwanza kushuka. Alisimama ngazini, akanusa hewa, akasema, "Mbona Nairobi ina joto kama Garissa?"

Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilifanya moja tu kati ya hayo.

Mkaguzi alikuja kesho yake, Injinia Naliaka, mama mtulivu anayeandika kwa penseli. Alipiga lakiri tangi letu, akachukua mafuta kutoka tangini, kwenye lori na kwenye mabawa, kisha akatukalisha ofisini na kuandika ubaoni kila kinachoweza kuinyima injini nguvu. Maji katika mafuta. Uchafu, na ule utelezi unaoota ndani ya matangi ya nchi za joto na kuziba vichujio. Korongo kuingia kwenye tundu la hewa. Vumbi la kula mapanga ya ndani ya injini. Barafu. Pampu kushindwa. Kompyuta, au kifaa kinachoipa kompyuta habari, kupotoka. Majivu ya volkano pia aliyaandika, na mimi nilitazama dirishani, nikiutamani mlima wowote.

Nilimweleza siku hiyo hiyo kwamba ile alama kwenye fomu ilikuwa ya uongo. Kuhusu chai nilisema nilikisahau kichupa nyumbani. Aliandika yote. Bwana Koech alinipa barua ya onyo, akanitoa kwenye mafuta akanipeleka kwenye mizigo. Mgongo wangu unakusalimia.

Mjini kila mtu alikuwa na jibu. Wauza miraa walisema ni korongo, wale wenye upara wanaoshinda jalalani, na mmoja aliapa amewahesabu na amekosekana mmoja. Shehe mmoja alisema ni onyo kwa kampuni inayorusha ndege bila kuomba dua. Mimi nilikuwa na jibu moja tu. Ningekuwa na akili ningejiuliza tangu mwanzo kwa nini injini ya kushoto, iliyokunywa mafuta yale yale, iliendelea kufanya kazi. Nilimuuliza Injinia hilo nikiwa na matumaini ya mtoto. Akasema kila bawa lina tangi lake, na tangi lililojazwa kwanza ndilo linaloweza kupata maji yaliyokaa chini. Nilikuwa nimeanza na la kulia.

Nilikwenda kwa Mama Halima kila jioni ya mfungo uliobaki. Ananiwekea sambusa, anasema, "Kula, wewe hata hufungi, unanikondea kwa nini?" Na mimi nameza nikijua kwamba huenda nusura nimuue kwa uvivu wa mkono mmoja.

Jumanne iliyopita simu ililia nikiwa nyuma ya nyumba ninamimina chai. Alikuwa Injinia Naliaka. Mafuta yalikuwa safi. Yote. Ya tangini, ya lori, ya mabawa. Hakuna maji, hakuna uchafu, na korongo wote wa Garissa wameachiwa huru. Kulikuwa na waya mmoja, Adeer, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, ambao ulifungwa vibaya karibu na chuma. Kila safari ulisuguliwa kidogo mpaka ngozi yake ikatoka. Siku ile waya huo uliipa kompyuta habari isiyo ya kweli, na kompyuta, kwa utiifu wake, ikaipunguza injini iliyokuwa nzima kabisa. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Sikuwa na habari kwamba nimeiachia thamosi mpaka chai ya moto ilipofika kwenye ndara. Kwa hiyo haikufa kishujaa. Ilikufa kwa furaha yangu.

Uliwahi kuniambia injini inataka vitu vitatu tu, hewa, mafuta, na mtu wa kuiambia ukweli. Nilidhani cha tatu unakitia kwa ajili ya utani.

Basi sasa ukweli wenyewe.

Adeer, kichupa sikukisahau. Kilikuwa mfukoni, upande wa kushoto wa shati, kimejaa. Wiki moja kabla yake Bwana Koech alinikuta ninadondosha, akasema mbele ya marubani, "Mzee, leo abiria wanapewa mafuta au kifungua kinywa?" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Nikawaambia kuna mzee mmoja wa zamani aliyekuwa na imani zake. Hivyo ndivyo nilivyokuita, mzee mmoja wa zamani, kama mtu niliyekutana naye stendi. Asubuhi ile Bwana Koech alikuwa amesimama karibu na wageni wake wa Nairobi. Niligusa kichupa. Nilikigusa kabisa, kidole kikapita juu ya kifuniko. Nikauondoa mkono, nikachukua kalamu.

Mafuta yalikuwa safi, lakini mimi sikuyajua kuwa ni safi. Nilibahatika tu, na mkeo akabahatika pamoja nami.

Nilimwambia Mama Halima yote haya Ijumaa, kwa sababu ya aibu, na kwa sababu sambusa zilianza kunikwama. Aliisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Bishar mwenyewe alikuwa anajificha. Mwaka wa kwanza wote alidondosha chai nyuma ya tangi, akiona injinia anakuja anakunywa haraka ajifanye ana kiu." Hukuniambia hilo, Adeer. Miaka yote hiyo nikadhani umezaliwa huoni haya. Tulicheka sana, na safari hii mimi nilifanya yote mawili.

Nimerudishwa kwenye mafuta. Jana mkeo alipanda ndege tena kwenda kutibiwa. Vidonge vipya vimefika na nilivitumia. Halafu nikaiweka thamosi ya bluu juu ya pipa mbele ya Bwana Koech, marubani na abiria waliopanga foleni, nikachovya kijiti, nikadondosha. Tone lilishuka zima, likakaa chini. Bwana Koech aliinama akalitazama muda, akauliza nani alinifundisha.

Nikamtajia jina lako, lako na la baba yako.

Nitalitaja kila nitakapoulizwa, na nitadondosha akiwepo yeyote. Pumzika, Adeer. Ndege ya jana niliisikiliza mpaka ikapotea, na propela zote mbili zilikuwa zinaimba.

Mutua wako