Sifa ya Umeme wa Kijito Chetu

Kinole, Jumatano asubuhi

Basi Kaka, pale simu ilipokatika nilikuwa nakwambia habari za viatu vya yule binti Doreen wa mpango wa umeme, kwamba alipanda navyo mlima wote vyeupe na akafika navyo vyeupe. Mimi mtu asiyeshika tope la Kinole simwamini. Hapo hapo nikasikia kimya. Nikapiga tena, nikafika tena kwenye habari za Doreen, kimya tena. Nikasema isiwe tabu, naandika, karatasi haina mtandao. Tena pale dukani kwa Shabani nikishika simu watu wanaacha hata kutafuna, na maneno haya si ya kugawa.

Shikamoo Kaka Abdulswamad. Viatu vya watu vimenisahaulisha adabu. Habari za Bigwa? Kile kifua kimetulia? Wifi Shadya na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, mvua imekata mapema, migomba imeanza kukunja majani, lakini tunacheka. Mdogo wetu Nasra anakusalimia, goti lake bado linamsumbua na mdomo wake bado mzima. Shemeji yako Ramadhani naye yupo, anakusalimia, ingawa salamu zake mwaka huu nazipokea kwa kuziangalia kwanza pande zote mbili.

Maana nilianza kumshuku yeye, Kaka. Wewe unajua alivyohangaika na ule mtambo wa maji, tangu watu wanamcheka eti amefunga baiskeli mtoni, mpaka leo tunakoboa mahindi na taa zinawaka kwetu, kwa Nasra na kwenye zile nyumba za chini. Mtambo ni wake, kijito ni cha mama yetu, hilo halina ubishi, ni kama mwanaume aliyeoa kwetu akapanda michungwa: mti wake, ardhi ya ukoo. Sasa toka Doreen aje, Ramadhani ananyoa ndevu siku za kazi. Anamsindikiza mpaka kwenye gari. Wanaongea pembeni, mimi nikisogea na kikombe cha chai wanaanza habari za hali ya hewa. Nikasema haya, ama nimepata mke mwenzangu mwenye viatu vyeupe, ama bwana huyu anaandikisha maji ya mama kwa jina lake.

Kwanza nikueleze huyo Doreen anatafuta nini, kama nilivyoelewa mimi mwenye darasa la nne. Wanatengeneza mpango, bado haujakamilika, ndiyo maana wanapita milimani kuuliza wenye mitambo midogo, ya maji na ya jua. Yapo makampuni makubwa huko mbali yanataka yahesabiwe kwamba yanatumia umeme usiochafua hewa. Umeme wetu hauendi kwao, unabaki hapa hapa unakoboa mahindi. Wanachonunua wao ni cheti tu cha kwamba umeme safi umetoka. Yaani wananunua sifa. Na ukishaiuza huna ruhusa ya kujisifu nayo tena. Shabani, maana ana zile sola juu ya duka, akauliza mkutanoni, mwanangu, tukishauza sifa tubaki na nini, lawama? Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akavua kofia. Doreen naye akacheka, akaendelea na yake.

Akasema mtambo mmoja mdogo hauwafai, lazima ikusanywe mingi iwe kapu moja, na awepo mtu wa kuwakusanyia na kuwasemea wenye mitambo. Nikamwambia binti yangu, huyo mtu tunamfahamu hata kabla hujamtaja, ni dalali wa machungwa amevaa tai. Akasema hapana mama, huyu atakuwa na mkataba. Nikamwambia hata dalali anao, anao kichwani mwake.

Lakini nilichoka pale aliposema wanaweza kulipa kabla. Kaka, si ndiyo kuuza ua hiyo? Tumekua nayo. Mtu ana shida, anauza mti ukiwa na maua, na msimu ukifika hata chungwa la kumpelekea mgonjwa huchumi mpaka uombe kwa tajiri. Tofauti ni kwamba ua la machungwa ni la msimu mmoja. Hili la Doreen ni la miaka kumi. Na katika miaka hiyo mtambo usisimame, maana wao wameshawaahidi wakubwa zao kiasi fulani cha umeme.

Hapo Nasra akanifinya paja. Wewe uko Bigwa umezoea bomba, lakini hujasahau kiangazi cha huku. Mvua ikikata tunafunga mtambo, tunalala na vibatari, maji yote tunayashusha kwenye bustani. Kabichi zile na karoti zile ndizo zinazowasomesha watoto wa Nasra toka mume wake afariki. Hana kingine. Mtambo usiposimama, maji hayafiki kwake, na bustani yake ni ya mwisho kule chini. Kwa hiyo mpango huu mimi siuonei wivu wala tamaa, nataka kujua tu maji ya Septemba yatakwenda wapi.

Nikarudi nikambana Ramadhani. Nikamwambia wewe mwanaume umekuja kwetu na sanduku moja, sasa unataka kuondoka na mto. Akasema Furaha, mimi namfuata yule binti kumwomba aandike kwenye mpango wao kwamba kiangazi mitambo ya huku inapumzika. Eti anamwomba kila siku, na binti anamjibu kila siku kwamba angetamani, lakini neno la ukoo limeshatoka. Nikamuuliza neno gani, la nani. Akasema kamuulize aliyelitoa, mimi ni mkwe hapa, vingine si vyangu kusema. Nikasema anazuga. Nilikaa na hasira zangu mpaka Jumapili Doreen alipoitisha watu tena.

Ndipo akasimama mbele ya kijiji kizima akasema mpango wao umeheshimu mila za Waluguru. Wamefundishwa kwamba ardhi na maji ni vya ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba, yaani kaka wa akina mama wa ukoo. Kwa hiyo kwa kila kijito wanamtafuta mjomba, akikubali yeye imetosha. Na kwa kijito chetu, akasema, mjomba anayeishi Bigwa ameshakubali, tena amekubali kuwa ndiye mkusanyaji wa mitambo yote ya bonde hili.

Watu wote wakageuka kunitazama mimi. Nikacheka, unajua kicheko changu. Nikasema binti, umepotea njia, wajomba wa Bigwa ni wengi kama nini, huyo wenu ni wa ukoo mwingine. Mjomba wa kwetu sisi hatoi neno juu ya maji bila kukaa na dada zake, maana watoto wa ukoo ni sisi tunaowazaa, yeye anawasemea tu. Nikaketi. Nikawaona wameniamini, Kaka. Hata Shabani aliniamini, na yule haamini hata saa yake.

Sasa nakwambia lile ambalo kwenye simu hatufiki. Mkutano ulipoisha Doreen aliniita nyuma ya ofisi ya kijiji. Akasema mama, sitaki kukuaibisha mbele za watu, lakini sisi neno la mjomba tunalirekodi. Akaniwekea simu sikioni. Nikasikia kile kikohozi chako unachoanza nacho kabla ya kusema jambo la maana. Nikasikia jina lako na jina la mama. Halafu nikakusikia unasema, dada zangu wote nimekaa nao, wameridhia.

Umekaa nasi wapi? Tangu Idi hujapanda mlima huu.

Sikulia. Nilimwomba aniwekee mara ya pili, nikasema labda kuna mtu anakuigiza. Halafu nikakumbuka wifi Shadya alivyonipigia kunieleza mnajenga ukuta kuzunguka nyumba, nami nikampongeza kwa vigelegele kwenye simu. Ramadhani alijua wiki zote hizo, Kaka. Alikaa kimya nikimtukana na sanduku lake, kwa sababu hakutaka mimi nikufikirie vibaya wewe. Huyo ndiye niliyekuwa namlinda asiniibie mto.

Doreen anasema mpango utafungwa Jumamosi, na kabla ya hapo neno linaweza kurekebishwa kwa njia mbili. Ama mjomba aseme mwenyewe kwamba hakukaa na dada zake. Ama dada zake wasimame mbele ya watu wote waseme kaka yao amedanganya. Nilimuuliza hakuna ya tatu? Akasema yeye ameajiriwa tu.

Mimi na Nasra tumezungumza. Nasra hakusema mengi, alisema yeye goti linauma lakini kusimama atasimama. Nami nitasimama pembeni yake. Lakini sitaki, Kaka. Nimeshasema uongo mmoja kwa ajili yako mbele ya kijiji, nataka uje uufanye uwe kweli. Panda hata Ijumaa na gari la ndizi, tukae sisi watatu nyumbani kwa mama, tule, halafu useme wewe mwenyewe kwamba kiangazi maji yanashuka bustanini. Hela waliyokupa hatutaiuliza. Ukuta mtamalizia polepole. Barua hii atakuletea kijana wa...

Subiri, Ramadhani ananiita huko nje, anaita kwa sauti ambayo si yake ya siku zote. Anasema gari la kina Doreen limesimama pale kwa Shabani, na leo si siku ya mkutano. Na aliyekaa mbele na dereva ni wewe.

Kwa hiyo simtumi mtu. Nakuja nayo mwenyewe mkononi. Isome kabla hujafungua mdomo wako mbele za watu, nami nitakuwa nimesimama hapo, na Nasra yupo njiani anapanda.

Dada yako,
Furaha