Funza wa mpera kwenye chai ya Mama

Shoga, hadi sasa kichefuchefu hakijaniisha.

Mama alimwambia shemeji aupogoe mpera, yaani aondoe lile tawi lililooza. Yeye kapunguza majani ya nje tu, mti ukawa mviringo kama umetoka kwa kinyozi. Tawi bovu kaliacha ndani.

Eti, “Kupunguza na kupogoa si yale yale?”

Yale yale, shoga.

Leo wazazi wa shemeji wamekuja, tumewakalisha chini ya mti. Tawi likakatika, funza wanono wakamwagikia chai ya Mama. Kabla hajawaona, alishapiga funda.

Shemeji anasema, “Lakini umbo limependeza.”

Umbo.

Mama akatema, akavua viatu, akachukua msumeno. Shemeji kauliza asaidie nini.

“Shika ngazi. Mti usiuguse.”