Kiunza Chako Kiko Juu ya Mlango

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Baada ya salamu, ambazo najua huko uliko kuzijibu ni taabu, nakuarifu kwamba mlango ungali umesimama. Masika yote yameupiga na haukuinama hata upana wa kidole. Fundi Heri, jirani yetu mwashi, amekwisha kupita mara tatu kuutazama, anatafuta kosa, halioni. Nimejenga, bibi. Mtaa mzima unasema. Na wasiposema wao, nasema mwenyewe.

Usizicheke herufi zangu. Najua zimelala upande kama ukuta wetu wa zamani. Chuo cha Kurani nilikikimbia kabla ya kuhitimu, na aliyenificha nyuma ya mtungi wa maji siku Mwalimu alipokuja na bakora ni wewe. "Mume wangu hayupo," ukamwambia, "amekwenda bara kununua pembe." Mumeo alikuwa na miaka minane, na miguu yake miwili imetokeza chini ya mtungi. Mwalimu akaitazama ile miguu, akasema, "Akirudi na pembe zake mwambie juzuu yake inamngoja," akaenda zake. Leo karatasi na kalamu hii amenipa yeye. Kesho ni arobaini yako, watu watakuja kukusomea hitima, na wakimaliza nitasimama niwasomee barua hii. Nimeona nikusomee wewe kwanza.

Unaukumbuka ule ukuta wa mbele? Kila ukiupapasa ulikuwa ukiniambia, "Mume wangu, ukuta huu una mimba." Kweli ulikuwa umetoa tumbo. Mchwa walikwishakula kizingiti cha juu cha mlango, kigogo cha mnazi alichoweka marehemu babu, mpaka ukikigonga kinamwaga unga. Paa lilibakiwa na makuti ya kuonea nyota. Na masika yako mlangoni. Baba alifuata msafara wa kwenda bara akapotelea huko, mama ulimzika wewe, mjomba yuko Saadani na watoto wake. Nani wa kujenga? Mimi. Kwa kitu gani? Kwa mikono.

Nikaanza. Mawe niliyatoa kwenye ile nyumba iliyoanguka karibu na pwani, nikiyabeba kichwani moja moja hadi utosi ukawa mgumu kama kisigino. Chokaa nilikuwa nikifagia mabaki kwenye tanuri la wachoma chokaa, nao wakinifukuza kama kuku. Miti na fito nilikata mikokoni, tope mpaka kiunoni. Makuti ulisuka wewe. Macho yako yalikwisha kuingia ukungu, lakini vidole vyako vilikuwa na macho kumi, na kila kuti ukimaliza ulinitupia mgongoni: "Chukua, mume maskini! Wenzako wananunulia wake zao leso, wewe unaniletea majani." Nami nikakanyaga udongo uani huku nacheza, nakwambia utapata leso nyumba ikisha. Watu walipita wakiniambia nizibe ufa nisije nikajenga ukuta. Nikawajibu mmechelewa, ukuta ndio huu.

Kilichonishinda ni kizingiti cha juu.

"We Sefu," Fundi Heri aliniuliza, amesimama na mikono nyuma kama kadhi, "hapo juu ya mlango utaweka nini? Ulimi wako?"

"Ulimi wangu mgumu kuliko mvule."

"Basi uweke, tuuone ukibeba paa." Kisha akaacha kucheka. "Kijana, bila mti mgumu hapo, mvua kubwa ya kwanza ukuta unamlalia bibi yako. Usinambie sikukwambia."

Nilitafuta siku saba. Mti mgumu hautupwi ovyo. Na siku zote saba nilikuwa nalala kwenye mkeka, na ubao wa mvule uko hatua tatu kutoka kichwani pangu, chini ya kitanda chako.

Nilikuwa mdogo nilipokuuliza ubao ule wa nini. Ulikuwa umeuvuta nje, unaupaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu ya kutwanga, kama ulivyofanya kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri.

"Mlango wa nyumba yangu nyingine," ukasema.

"Na mimi nitaingia?"

"Wewe hukualikwa."

Ukacheka mpaka mtandio ukaanguka. Baadaye nikajua. Ni kiunza chako, ubao wa kukufunika kaburini udongo usikuangukie. Babu aliupasua mvule mmoja akatoa mbao mbili, moja akalala yeye chini yake, ya pili akakuachia. Hukuwa na mkufu wala shamba. Ulichotaka duniani ni kulala chini ya mti mmoja na mumeo yule mkubwa. Uliniambia mara nyingi, wala hukunificha.

Nao niliuchukua siku wanawake walipokupeleka maulidini kwa jirani. Sikungoja hata sauti zenu zipotee njiani. Niliuvuta, nikaupima kwa shibiri, na bibi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Upana wake ulilingana na unene wa ukuta kana kwamba babu aliupasulia mlango. Fundi Heri akaja kunisaidia kuupandisha.

"Umeupata wapi?"

"Ufukweni. Bahari imeutupa."

Akaunusa. "Siku hizi bahari inanukia karafuu?"

Nikainama kushika upande wangu wa ubao. Tukaupandisha, tukajenga juu yake, na ukuta ukatulia kama mtu aliyepata mto wa kulalia.

Chini ya kitanda nikasukuma ubao mwingine, wa sanduku la bidhaa lililovunjika kule forodhani, mwepesi, unapinda ukiukanyaga. Nikasema bibi haoni. Nikasema nitapata mvule mwingine kabla ya siku yake, na siku yake ingali mbali. Nilijiambia mengi. Kusema sijambo.

Nikapiga chokaa juu ya mlango ili ubao usionekane. Kesho yake chokaa ikaanguka. Nikapiga tena, nikaikoroga nzito. Ikaanguka. Mara ya tatu nilichanganya na udongo mwekundu, nikaikandamiza kwa kiganja, nikailinda jua lisiikaushe haraka. Ilishika siku nne, halafu ikamwangukia Fundi Heri begani alipokuwa anapiga hodi. Akajipangusa polepole.

"Chokaa haishiki kwenye mafuta," akasema. "Ubao huu umenyweshwa mafuta miaka mingi. Bahari yako ina subira."

Nikajitia sikusikia. Mwisho niligonga vigingi vya fito kwenye ubao wako, nikatia nyuzi za makumbi ya nazi, ndipo chokaa ikakubali. Kazi ile niliringia. Nilikuwa nawaita watu waje waione, waniambie nani mwingine anayejua kuishikisha chokaa pale ilipokataa.

Lakini harufu sikuweza kuipiga chokaa. Jua likichoma ukuta mchana, mlango wote unanukia karafuu. Nawe ukaanza kutaka kukaa palepale. "Nitolee kiti mlangoni, mume wangu." Nikakutolea. Ukainua uso, ukavuta pumzi.

Mwezi wa Rajabu ulifunga, na mwili wako haukuwa wa kufunga tena. Ijumaa moja uliingiza mkono chini ya kitanda ukaupapasa ule ubao wa sanduku, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ubao wangu umekonda."

"Nao unafunga Rajabu, bibi, kama wewe."

Ulicheka hata ukakohoa, nami nikacheka nikijiona nimepona. Ukishika kifua chako ukanisogezea kibakuli cha mafuta.

"Nipakie, mikono imechoka."

"Haya. Huu hapa, chini ya kitanda."

"Kaupake palepale ulipouweka."

Hayo ndiyo maneno yako, bibi, na siku zote hizi arobaini sijasikia mengine. Ulikuwa umekaa, uso umeuelekeza mlangoni wala si kitandani, unangoja. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Nikapiga magoti, nikaupaka mafuta ubao wa sanduku, na nikaupaka kwa kishindo ili usikie kazi. Nikakwambia, "Tayari, mke wangu, unang'aa." Ukasema, "Ahsante." Hukuniomba kuupaka tena.

Ulikufa siku ya mvua kubwa. Kila kitu kilivuja Bagamoyo siku ile isipokuwa paa letu. Wanawake walikuosha ndani, pakavu, na mmoja akatoka akaniambia, "Mjukuu umefaa, angalau ameoshwa pasipo tone." Mjomba, niliyempelekea habari ulipozidiwa, akafika kutoka Saadani, nguo zimemganda mwilini, na neno lake la kwanza baada ya kulia likawa:

"Kiunza cha mama kiko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, chini yake. Nilihisi kana kwamba kinanibonyeza utosi. Nikaingia ndani, nikatoka na ubao wa sanduku.

Nimejitetea sana juu ya hilo. Nimesema ningeutoa ule wa mlango ukuta ungewaangukia wanawake waliokuwa wanakuosha. Uongo. Fundi Heri alikuwapo, miti ya kuegemeza ukuta ilikuwako uani, kazi ya saa moja haikutuzidi. Ningaliweza. Nilichoogopa si ukuta kuanguka. Niliogopa watu wajue kwamba nyumba ninayojivunia inasimama kwa mali ya maiti.

Wakakutoa nje ukiwa kwenye jeneza, na jeneza likainama kidogo pale mlangoni. Ulipita chini ya ubao wako, bibi. Ndivyo ulivyoupata.

Kaburini aliyekupokea ni Fundi Heri. Akakulaza, akainua mikono kuupokea ubao, nikampa mimi. Akaupima kwa viganja, ukapinda. Akainua macho akanitazama, maji ya mvua yanamtiririka ndevuni. Mtu mwingine akauliza kutoka nyuma, "Mbona ubao mwepesi hivi?" Fundi akaendelea kunitazama. Akanipa nafasi, kama ulivyonipa wewe. Nikaitazama mvua.

Akakufunika.

Wiki ya tatu kaburi likatitia. Mjomba alipoletewa habari alisema ni udongo wa masika, hutitia. Lakini mimi najua sauti ya ubao wa sanduku ukivunjika, nimezivunja mbao hizo kwa goti langu kwa ajili ya kuni. Nilikwenda na kikapu cha mchanga nikajaza, nikashindilia kwa kiganja, nikasawazisha. Wiki iliyofuata likatitia tena. Nikajaza tena. Mimi, fundi wa mtaa mzima, nina nyumba mbili za kukarabati sasa, na moja kila nikiitengeneza nasikia kama namwongezea mzigo aliyemo.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwambia yote, nimeshika nguzo ya baraza yake nisikimbie kama zamani. Nikamwambia nitautoa ubao mlangoni, nyumba ianguke ikitaka, nikufukue nikufunike inavyopasa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kaburi halifukuliwi, mwanangu," akasema. "Alichotaka kwako umekwisha kumkosesha."

"Sasa nifanye nini?"

"Ulificha mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu." Akanipa karatasi.

Basi kesho nitasoma. Mjomba atakuwa amekaa mbele, na nyumba ni ya kwake sasa, ni urithi wa mama yake. Akisema ondoka, nitaondoka, na mawe niliyobeba kwa utosi nitayaacha. Akitaka kunipiga, anipige, mgongo ninao. Sitamwomba Fundi Heri anitetee. Ninachomwomba mjomba ni kimoja, ubao usishushwe ukauzwa au ukafanywa meza. Akiwa hataki kuishi chini yake, aniachie nikaulaze juu ya kaburi lako, jua na mvua viuone pamoja nawe.

Mke wangu, leo ni Ijumaa. Asubuhi nilipanda kwenye kile kiti chako nikaibandua chokaa yote juu ya mlango, na nyuzi, na vigingi. Ile kazi yangu niliyoiringia ilianguka chini kipande kizima. Vigingi vimeacha matundu saba kwenye mvule wako. Nimeyahesabu kwa kidole. Wapita njia wamesimama wakauliza ubao mzuri namna hii umetoka wapi. Nimewaambia waje kesho.

Baada ya adhuhuri nilitwanga karafuu, nikatia mafuta ya nazi kwenye kibakuli kile kile. Nimeupaka mwanzo hadi mwisho, na kwenye matundu nimeingiza kidole. Nimeupaka palepale nilipouweka.

Nakuaga hapa hapa mlangoni, bibi. Ndani sikualikwa.

Mumeo mdogo, mjukuu wako,
Sefu