Ulivyotembea na Kiondo

Mwaitu,

Huu ni mwezi wa nne, mama yangu, tangu tukuzike, na bado sijalia. Watu wa kanisani wanasema mimi mwanao nina moyo mgumu. Mimi nauona kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hauniumi. Nakuandikia kwa sababu jana nilikuwa hospitalini, nikaambiwa jambo lililokuwa lako kabla halijawa langu.

Habari za nyumbani kwanza, maana hungependa nianze na ugonjwa. Mvua ilinyesha siku mbili ikakatika. Mbaazi zimeshika. Kuku wako mweusi amehamia jikoni kwangu, anataga ndani ya karai, na simfukuzi. Kile kikapu chako, kiondo ulichokiacha nusu, ninakimalizia kusuka. Nyuzi zangu hazibani kama zako. Yeyote atakayekishika ataona ulipoishia.

Haya, ugonjwa. Baada ya matanga nilishikwa na malaria. Homa ikaisha, kizunguzungu kikabaki. Nikisimama, ardhi inapanda na kushuka. Siku ya soko pale Mbumbuni, watu wakipitapita na leso zao za rangi, inabidi nishike nguzo ya duka. Wewe pia ilianza na malaria, ule mwaka wa njaa tuliokula mahindi ya manjano ya msaada, halafu kizunguzungu hakikukuacha mpaka kifua kilipokuchukua. Nilipokuuliza kama unajifanya, ulicheka. "Mimi sijifanyi. Ni mchanga inajifanya maji."

Daktari alinipima masikio, macho na damu, akaona kila kitu kiko sawa. Nikajua ataniambia niende nyumbani niache uongo. Badala yake akaniuliza kizunguzungu kinapungua wakati gani. Nikamwambia, nikishika kiondo. Nikitembea huku ninasuka, natembea vizuri.

Hayo ndiyo maneno niliyokushtakia.

Unakumbuka, Mwaitu. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, walichoka kuchimba matuta ya kuzuia udongo kwenye shamba lako wakati wewe huendi kuchimba kwao. Na kawaida yetu ni hiyo, asiyeshika jembe kwa mwenzake naye hashikiwi. Tulikutana uwanjani pa shule. Wengine walikutetea, wakasema wewe ni mgonjwa. Mimi nilikuwa nimechoka kuchimba sehemu yako na yangu. Nikasimama. "Huyu ako sawa. Muangalie vile anaenda soko na kiondo, hayumbi hata kidogo. Akiitwa kazi ndio anaanza kuyumba."

Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, na ndiyo maana waliniamini. Hawakukanyaga tena shamba lako. Mvua zote zilizofuata zilibeba udongo wako hadi mtoni.

Siku ile hukujitetea. Ulinipa kiondo nikubebee, ukarudi nyumbani mikono mitupu. Ulianguka mara mbili njiani. Nilidhani unafanya makusudi, na sikukuinua.

"Ugonjwa ni ya ukweli, mama," daktari akaniambia. "Malaria imeisha, lakini mishipa ya fahamu haijapata habari." Alisema mishipa hiyo imebaki macho kama mbwa anayebweka hata mwizi akishaenda, kila hatua inaishtua. Mikono ikipata kazi, mbwa ananyamaza kidogo, na miguu inakumbuka yenyewe namna ya kwenda. Akanikataza kulala kutwa nzima. Nitembee, nigeuze kichwa, kidogo kidogo kila siku. Nasi mwishoni tulikufungia chumbani madirisha yamefungwa, tukisema tunakutunza.

Kiondo kilikuwa fimbo yako, na mimi nikakifanya shahidi dhidi yako. Ulipenda kutuambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa nimekilalia.

Nilitoka pale nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani, nikapika. Nilitegemea nitalia nikiwa jikoni. Nilikula, nikaosha sufuria.

Alhamisi ni zamu yangu, mwethya wanakuja kuchimba kwangu. Nitawaambia waliache shamba langu, waje kwako. Kabla hawajainua majembe nitasimama mbele ya wale wale nilioongea nao uwanjani, niseme kwamba ulikuwa mgonjwa, na kwamba mwongo, hata kama hakujua, alikuwa mimi. Halafu nitashuka ule mteremko wako mikono mitupu, wakiniangalia. Labda watacheka. Labda nitaanguka, na sijui kama kuna atakayeniinua.

Kwaheri, Mwaitu. Natumaini huko uliko mchanga umetulia. Nakuahidi tuta lako la kwanza litachimbwa Alhamisi, na mtaro wake nitaanza kuuchimba mimi, hata kama ni kwa magoti.

Kiondo nitakiacha nyumbani.

Binti yako,
Mueni