Kabati la Barafu Lililokaa Ukumbini

Mpendwa Mama,

Assalamu alaykum huko uliko. Najua barua hii haina tarishi wa kuifikisha, ndiyo maana sikuifunga. Nimeiacha wazi asome atakaye, na hasa asome kila mwanamume mwenye mama jikoni. Nina hasira, Mama. Nina hasira na lile friji, na rafiki zangu, na wewe kidogo, na mimi mwenyewe kuliko wote.

Unaikumbuka siku uliyotoka hospitali? Ulilazwa kwa ule moto wa kifua uliokuwa ukikupanda mpaka kooni, ukishindwa kula, ukishindwa kulala. Nesi mmoja akakupa kipande cha barafu ndani ya kikombe cha bati, akakwambia umumunye polepole. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Madungu kwa miguu hukuzungumzia dawa wala sindano. Ulizungumzia barafu njia nzima.

"Mwanangu, kitu kile kimenizima moto wote. Kilipita hapa," ukajigusa koo, "kikashuka mpaka hapa. Mie nikalala."

Ulikuwa ukisimulia kama mtoto aliyepewa halua ya Sikukuu, na mimi nikacheka. Siku ya pili yake ukaniita uwani. Wewe uliyekuwa hujaniomba kitu tangu nipate kazi ya ukarani, ukaniomba: "Nitafutie kikabati cha barafu. Kidogo tu, kienee jikoni mwangu."

Nikakwambia jiko lako ni dogo, mafiga, kinu, mtungi na mbuzi ya nazi vimekwisha kulijaza. Hukubishana. Ukachukua kipande cha ukili wa mkeka uliokuwa ukisuka, ukaingia nacho jikoni, ukakinyoosha kwenye kona ya dirishani, ukapiga fundo moja. Ukakisimamisha ukutani, ukapiga fundo la pili. Ukanitilia mkononi.

"Fundo hili upana, hili urefu. Kisizidi hapo. Ukisahau maneno yangu, usisahau ukili."

Sikuusahau, Mama. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti ningeusahau ningekuwa na la kujitetea. Ulikuwa mfukoni mwa koti langu siku niliyokwenda dukani na Faki, rafiki yangu wa ofisini, na vidole vyangu vilikuwa vikiuchezea muda wote tuliosimama pale.

Makabati yalikuwapo mawili, yote ya mafuta ya taa, maana umeme ulikuwa haujafika mtaani kwetu. Tangi na utambi chini, baridi juu. (Mpaka leo sijafahamu moto unagandishaje maji, wewe ulisema ni kudra ya Mungu, na mimi karani sina jibu bora.) Moja lilikuwa dogo, la kufika kiunoni, na karibu lote ni la kugandishia. Jingine lilinifika kidevuni, jeupe, kishikio kinang'aa, rafu chungu nzima, na juu kabisa kijisanduku cha barafu chenye trei moja. Mwenye duka alikuwa mkweli. Alisema, "Kwa jiko, chukua dogo. Linataka sakafu ya sawasawa tu, likiinama haligandishi."

Faki akalitazama lile dogo, akanigusa bega. "Yakhe, karani mzima unakwenda kununua tundu la kuku?"

Neno moja hilo. Mwanamume anaweza kuvumilia jua, njaa na bosi wake, lakini hawezi kuvumilia kuchekwa mbele ya mwenye duka. Nikauachia ukili mle mfukoni, nikaelekeza kidole kwenye lile kubwa.

Lilikuja kwa gari la ng'ombe, mtaa mzima ukatoka kutazama. Wachukuzi walilifikisha mlango wa jiko, wakalipindua huku, wakalilaza kule, likagoma. Wewe ulikuwa umesimama uwani umejitanda kanga. Ulilitazama kabati, ukautazama mlango, kisha ukanitazama mimi.

"Mashallah. Kubwa," ukasema.

Nami mjinga nikaona nimesifiwa. Tukaliweka ukumbini, karibu na redio, mke wangu Asha akalifumia kitambaa cha kulifunika juu. Likapendeza kweli kweli.

Lakini ukumbi wetu ni wa wanaume, na wewe ulikuwa mtu wa adabu zako. Viatu vya mwanamume wa kando vikionekana mlangoni, ulikuwa hupiti, wala Asha hapiti. Na tangu mambo ya vyama yaanze, ni siku gani mlango ule ulikosa viatu? Walikuja alasiri kusikiliza redio, wakabaki kubishana nani atatawala, nani kamwamkia nani, nani kahama duka la nani. Wenyewe wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi wangu niliwapa maji ya barafu, miaka miwili.

Ulikuwa ukibisha mlango wa ndani kwa bangili yako. Mara tatu, taratibu, ili wageni wasisikie. Ramadhani ya kwanza, siku kifua kilipokuwa kimekushika tangu asubuhi na ukakataa kufungua mapema, ulibisha baada tu ya adhana. Nikainuka, nikafungua kijisanduku. Trei ilikuwa tupu. Barafu yote imo kwenye jagi la sharubati mbele ya Faki na wenzake. Nikasogea mlangoni.

"Imekwisha, Mama. Kesho."

"Haidhuru, mwanangu. Maji ya mtungi nayo baridi."

Kesho yake nikasema kesho. Na kesho yake tena. Kuna siku ilikuwapo, Mama, nakiri leo, vipande vizima vimejaa, nikaona haya kuondoka na trei mbele ya wageni kuipeleka jikoni. Mgeni kwanza, ndivyo ulivyonilea. Ulikuwa nyuma ya mlango, hatua chache tu, unamsubiri mtoto uliyemfundisha mwenyewe adabu ya kukunyima.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokugeukia, unisamehe. Kwa nini hukunipigia kelele? Wewe uliyenigombeza mbele ya watu kwa kifungo cha shati! Wewe uliyewahi kumfukuza muuza samaki mpaka barabarani kwa pweza aliyeoza! Kwa barafu ukawa mpole. Ungesema tu, "Sikukuagiza hili," ningelirudisha dukani siku ile ile, nikanuna wiki moja, yakaisha. Ulinyamaza, na mimi nikachukulia kwamba kunyamaza ni kuridhika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema, na mshindo wako umenifikia wewe umekwisha kuzikwa.

Umenifikia siku ya hitima yako. Wanawake walikuwa wamejaa uwani, nami nikaitwa niinue sufuria kubwa la wali, likawashinda. Nikaingia jikoni. Nadhani nilikuwa sijaingia mle tangu siku ya ukili. Walikuwa wamebanana, bakuli juu ya bakuli, mwingine kapakata sinia kwa kukosa pa kuliweka. Kona ya dirishani ilikuwa tupu. Imefagiwa, na chini pamesiribwa udongo, pameinuliwa kidogo, pamelainishwa sawasawa.

Nikauliza mbona hawaweki vyombo pale. Mama mdogo Bi Mize, ndugu yako wa Vitongoji, akanijibu bila ya kuinua uso kwenye vitunguu vyake.

"Hapo pa kabati la barafu. Dada kakataza watu wasiweke kitu. Kapasiriba mwenyewe, ati weye ulimwambia lataka pahali pa sawasawa."

Ni kweli, nilikwambia. Nilirudi kutoka dukani siku ile nikakupigia porojo za mwenye duka, nikakuhadithia mambo ya sakafu, nisikwambie tu nimechagua lipi. Kwa hivyo ulipasiriba usiku wa kuamkia gari la ng'ombe. Kisha kwa miaka miwili ukawa unakunia nazi mlangoni, mgongo juani, na kinu umekitoa nje kinyeshewe, ili kona ile ibaki wazi. Ulinyamaza kwa mdomo tu. Kila asubuhi ulikuwa ukiniomba kwa ufagio, nami nilikuwa ukumbini nasikiliza redio. Niliinua sufuria lile, Mama, na sikumbuki nililiweka wapi.

Baada ya arubaini nililirudisha lile kubwa kwa mwenye duka, akakubali kubadilishana. Faki akaniuliza nina wazimu? Nikamwambia ninao. Koti lilikuwa limetundikwa vile vile, na ukili umo mfukoni umekauka, mafundo yote mawili. Nikapima lile dogo mbele ya watu, na safari hii anayetaka kucheka na acheke. Halikuzidi.

Lilipita mlango wa jiko bila ya kuinamishwa. Limekaa juu ya udongo wako, sawasawa, upana kwa upana. Asha kaliwasha, moto wa buluu, hauna moshi. Jana Faki na wenzake walikaa ukumbini wakasubiri jagi, mwishowe mmoja akauliza, "Yakhe, barafu hakuna leo?" Nikawaambia iko jikoni, na jikoni wamo wanawake. Wakanywa maji ya mtungi. Nikawaambia nayo baridi.

Nilidhani nitaona raha kusema hivyo. Sikuona raha yoyote. Walipoondoka nikaenda uwani, nikakaa kwenye mbuzi yako ya nazi na kikombe cha bati mkononi. Nilikuwa nimekijaza barafu bila ya kujua namjazia nani, nikakishika mpaka ikawa maji.

Ijumaa nitakuja kukusomea kama kawaida. Mwenyezi Mungu akupoze kwa kile nilichokunyima. Ukibisha mlango, Mama, bisha wowote, wa ndani au wa nje, mara moja tu yatosha. Barafu ipo. Ipo leo.

Mwanao,
Kombo, uliyempa ukili